Mwalimu wa Elimu Maalumu na Kazi Isiyoandikwa Kwenye Ratiba

Elimu maalumu ni elimu inayoandaliwa kwa ajili ya mwanafunzi ambaye hali ya mwili, hisi, akili au mawasiliano yake humzuia kufaidika na ufundishaji wa kawaida, hadi ufundishaji huo ufanyiwe marekebisho. Nchini Tanzania elimu hiyo ilianza mwaka 1950, Kanisa Anglikana lilipofungua shule ya wasioona huko Buigiri, Dodoma. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki likafungua shule ya viziwi mjini Tabora, na madarasa ya watoto wenye ulemavu wa akili yakafuata miaka ya 1980. Mpangilio huo wa miaka unaonyesha kwamba kila kundi la watoto lilihitaji mwalimu wa aina yake, mwenye ujuzi ambao hauwezi kuhamishwa kutoka kundi moja kwenda jingine kwa barua ya uhamisho tu. Sehemu kubwa ya matatizo yanayowakabili walimu wa elimu maalumu leo inatokana na kusahauliwa kwa jambo hilo: jina lao ni moja, lakini fani zao ni kadhaa.

Mwalimu wa wanafunzi wasioona, kwa mfano, hufundisha kwa maandishi ya nukta nundu, yaani mfumo uliobuniwa na Mfaransa Louis Braille ambamo kila herufi huundwa kwa nukta zilizoinuka ndani ya chumba chenye nafasi 6, hivyo kutoa maumbo 63 yanayosomwa kwa ncha za vidole. Mwalimu huyo hana budi kuyajua maumbo hayo kama anavyoijua alfabeti, ayasahihishe madaftari yaliyoandikwa kwayo, na mara nyingi ayaandike yeye mwenyewe, kwa sababu kitabu cha kiada kinapokosekana katika nukta nundu, ndiye anayekaa kwenye mashine baada ya vipindi na kukinakili ukurasa kwa ukurasa. Kitabu kimoja cha kawaida, kikigeuzwa kuwa nukta nundu, huweza kujaza majuzuu kadhaa makubwa, na karatasi yake ni nzito na ghali kuliko karatasi ya kawaida. Michoro ya jiografia na maumbo ya hisabati nayo yanapaswa kuinuliwa yaguswe, kazi inayofanywa kwa gundi, uzi, mchanga na chochote kinachopatikana. Zaidi ya hayo yote, mwalimu humfundisha mtoto kutembea kwa fimbo nyeupe, kuijua njia ya bweni na ya choo, na kujipimia chakula, stadi ambazo mtoto anayeona huzipata kwa kuiga.

Wapo pia wenye uoni hafifu, yaani wanafunzi wanaoona kwa kiasi ambacho miwani ya kawaida haitoshi kukirekebisha. Wengi wa watoto wenye ualbino wamo katika kundi hili, kwa kuwa upungufu wa rangi asilia huathiri jicho kama unavyoathiri ngozi. Imewahi kutokea, na bado hutokea, kwamba watoto hawa wapelekwe shule za wasioona na kufundishwa nukta nundu, wakazisoma kwa macho badala ya vidole, ilhali wangeweza kusoma maandishi yaliyokuzwa wakiketi karibu na ubao, mbali na mwanga mkali wa dirisha. Mwalimu aliyefunzwa hulitambua kosa hilo mapema. Asiyefunzwa humwona mtoto anayesogeza daftari hadi puani akamhesabu kuwa kipofu au, vibaya zaidi, mzito wa kuelewa.

Kazi ya mwalimu wa viziwi ni nzito kwa namna nyingine, na pengine ndiyo inayoeleweka kidogo kuliko zote. Watoto viziwi walio wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia, ambao hawajui lugha ya alama. Kwa hiyo mtoto huweza kufika darasa la kwanza akiwa na ishara chache za nyumbani, hana jina la siku, la rangi, wala la kijiji chake, na hajawahi kusimuliwa hadithi aliyoielewa. Mwalimu wa darasa la kawaida humpokea mtoto mwenye lugha akamfundisha kusoma. Mwalimu wa viziwi humpokea mtoto ambaye lazima kwanza apewe lugha yenyewe, kisha afundishwe Kiswahili cha maandishi kama lugha ya pili, na atakapofika sekondari akute masomo yanaendeshwa kwa Kiingereza. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, tofauti na ya Kiswahili, na mwalimu aliyejifunza alama chache katika semina ya siku kadhaa hawezi kufundisha sayansi kwa lugha hiyo, kama ambavyo mtu mwenye maneno mia ya Kifaransa hawezi kufundisha sayansi kwa Kifaransa. Shuleni, walimu wengi huongeza ujuzi wao kwa kujifunza kutoka kwa wanafunzi wakubwa viziwi, na shule inayoajiri mwalimu kiziwi hupata hazina, kwa sababu watoto humwona mtu mzima anayeitumia lugha yao kwa ufasaha na kuishi kwayo.

Kwa watoto wenye ulemavu wa akili, na wale wenye usonji, ambao huathirika katika mawasiliano na mahusiano na wenzao, ufundishaji hutegemea uchambuzi wa kazi, yaani kukivunja kitendo kimoja kuwa hatua ndogo ndogo zinazofundishwa moja moja. Kunawa mikono huwa hatua kumi au zaidi: kufungua bomba, kulowesha, kushika sabuni, na kuendelea, na hatua moja huweza kuchukua wiki. Darasani humo humo huenda yupo mtoto mwenye kifafa, mwingine asiyeweza kujisaidia peke yake, na mwingine anayetoroka kila mlango ukiachwa wazi. Pasipo mlezi au msaidizi aliyeajiriwa, mwalimu ndiye muuguzi, ndiye yaya, ndiye mlinzi, na muda wa kufundisha ni ule unaobaki. Mafanikio ya kazi hii hayaonekani katika mtihani wa darasa la saba, kwa hiyo mwalimu wake huweza kufanya kazi miaka kumi bila jina la shule yake kutajwa kwa lolote, ingawa mtoto aliyeletwa amefungwa kamba sasa huenda dukani na kurudi na chenji sahihi.

Kabla ya hayo yote huja ubainishaji, yaani kutambua mtoto ana hitaji gani na kwa kiwango gani. Kenya ilianza mwaka 1984 kuanzisha vituo vya upimaji wa kielimu, ikapata mwaka 1986 taasisi yake ya elimu maalumu, KISE, iliyoko Nairobi, na vituo hivyo vikawapa wazazi mlango mmoja wa kubisha. Pasipo na kituo karibu, upimaji humwangukia mwalimu, anayepima usikivu kwa kunong'ona nyuma ya mtoto na macho kwa chati iliyobandikwa ukutani. Humwangukia pia kazi ya kumtafuta mtoto aliyefichwa nyumbani kwa sababu ukoo unaamini ulemavu wake ni laana au mkosi. Mwalimu hufika, huketi, huzungumza na bibi kabla ya kuzungumza na mama, na huenda akarudi mara kadhaa kabla mtoto hajatolewa nje. Hakuna saa ya kazi hiyo kwenye ratiba, wala nauli yake.

Sera za miongo mitatu iliyopita zimeelekea elimu jumuishi, yaani kumsomesha mtoto mwenye ulemavu katika shule ya jirani pamoja na wenzake. Msimamo huo ulipata nguvu katika Azimio la Salamanca la mwaka 1994. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu inayotambua haki hiyo ya elimu. Shabaha ni njema na ni ya haki. Hata hivyo, mtoto kiziwi aliyeketishwa katika darasa la wanafunzi 90 ambamo hakuna hata mmoja anayejua lugha ya alama hajajumuishwa. Amepewa dawati tu. Elimu jumuishi haimwondoi mwalimu mtaalamu, bali humwongezea kazi, kwa kuwa sasa hana budi pia kuwaelekeza walimu wenzake, kurekebisha mitihani yao, na kuhakikisha mtahiniwa anapata nyongeza ya muda inayoruhusiwa na Baraza la Mitihani.

Hapo ndipo suala la kupangiwa kazi linapouma zaidi. Chuo cha Ualimu Patandi, wilayani Arumeru, huwaandaa walimu kwa michepuo, kila mmoja ukilenga aina fulani ya ulemavu. Mhitimu wa mchepuo wa uziwi akipelekwa shule isiyo na kiziwi hata mmoja akafundisha maarifa ya jamii kwa miaka mitano, alama zake husahaulika na fedha iliyomsomesha hupotea. Na yule wa wasioona akikabidhiwa darasa la usonji, hulazimika kubahatisha juu ya watoto ambao hawapaswi kubahatishiwa. Upungufu wa walimu hawa ni wa kweli, lakini sehemu yake hutengenezwa ofisini. Afisa elimu anayempokea mwalimu wa elimu maalumu na aulize kwanza mchepuo wake ni upi, kisha shule ipi katika halmashauri yake ina watoto wanaouhitaji, na ampeleke huko.