FREMU YA PIKIPIKI: KIPIMO KWANZA, MOTO BAADAYE

Pikipiki ikipita hapo nje ya lango la shule imebeba abiria wawili, gunia la makaa na kuku wananing'inia, wewe hutazama nini? Wengi wetu hutazama rangi na taa, au husikiliza mlio wa injini. Wachache mno hutazama zile paipu za chuma zilizojificha chini ya tangi na kiti. Hizo ndizo fremu, na fremu ndiyo mifupa ya pikipiki. Injini ikizima njiani, utasukuma pikipiki hadi nyumbani. Fremu ikikatika ukiwa kwenye mteremko, huenda nyumbani usifike.

Katika makala haya nitaeleza jinsi fremu sahili inavyotengenezwa katika karakana ndogo ya nyumbani. Tuchukue mfano wa pikipiki kuukuu ya cc 125. Injini yake ni nzima, magurudumu yapo, foku ya mbele na shokomzoba za nyuma bado zinafaa, lakini fremu imeliwa na kutu. Mwenyewe anataka pikipiki ya kubeba mitungi ya maziwa shambani mwake. Je, atajenga fremu mpya vipi? Watu wengi hudhani kazi yote ni kuchomelea. La hasha! Kuchomelea ni kufunga tu yale ambayo kipimo kimekwisha kuamua.

KAZI TATU ZA FREMU

Kwanza, fremu hubeba uzito: injini, tangi, mwendeshaji na mzigo wake. Pili, hushikilia injini ili meno ya mbele yanayozungusha cheni yawe katika mstari mmoja na meno ya gurudumu la nyuma. Mstari huo ukipotoka, cheni huliwa upesi au huchomoka. Tatu, na hili ndilo kubwa, fremu huyaweka magurudumu mawili katika mstari mmoja hata barabara ikiwa na mashimo, hata breki zikifungwa ghafla.

Hapa ndipo somo la jometri linapotufaa. Chukua vijiti vinne uvifunge kwa misumari vifanye mraba, kisha usukume pembe moja. Mraba utalala. Sasa fanya pembetatu kwa vijiti vitatu na usukume upendavyo. Haitalala mpaka kijiti kivunjike au msumari ung'oke. Ndiyo sababu fundi mwenye akili hutafuta pembetatu kila mahali katika fremu yake. Tazama baiskeli ya kawaida nawe utaona jambo hilo hilo.

KARAKANA NDOGO YAWEZA KUFUNDISHA KIWANDA

Pikipiki ya petroli ya Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, iliyoundwa Ujerumani mwaka wa 1885, ilikuwa na fremu ya mbao. Baadaye mbao zikaachwa na paipu za chuma zikashika nafasi, lakini kwa miaka mingi fremu nyingi zilikuwa zikiyumba zikipata mwendo wa kasi. Huko Belfast, Ireland ya Kaskazini, palikuwa na fundi aliyejifunzia kazi mwenyewe, Rex McCandless. Pamoja na nduguye Cromie alijenga fremu yao wenyewe: mizunguko miwili ya paipu iliyopita juu na chini ya injini na kukutana shingoni. Kampuni ya Norton ya Uingereza iliichukua fremu hiyo, na mwaka wa 1950 Geoff Duke akashinda nayo mbio za Senior TT katika kisiwa cha Man. Mwendeshaji mmoja, Harold Daniell, alisema kuiendesha ni kama kulala kwenye godoro la manyoya, na jina hilo la Featherbed likaganda mpaka leo. Wala injini mpya haikuwa siri yake. Siri ilikuwa mifupa iliyonyooka na isiyopinda.

SHINGO NDIYO ROHO

Sehemu ya mbele ya fremu, pale foku inapoingia na kuzunguka kwenye beringi, tuiite shingo. Shingo haisimami wima. Katika pikipiki nyingi za barabarani imelala kwa nyuzi kati ya 24 na 28 kutoka wima. Ukiuvuta mstari wa shingo mpaka chini, utagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapogusa. Nafasi iliyo kati ya alama hizo mbili tuiite mburuzo, na katika pikipiki nyingi huwa kama milimita 80 hadi 110.

Mburuzo una kazi gani? Angalia magurudumu madogo ya kitanda cha hospitali. Ukikisukuma kitanda, magurudumu hugeuka yenyewe na kufuata nyuma. Gurudumu la mbele la pikipiki nalo hufuata mstari wa shingo, na ndiyo maana pikipiki hutaka kwenda moja kwa moja. Mburuzo ukiwa mdogo mno, usukani huwa na wasiwasi na hutikisika. Ukiwa mkubwa mno, kukata kona huwa kama kugeuza ng'ombe mkaidi.

Sasa fanya hesabu. Kutoka shingoni hadi chini ya tairi tuseme ni milimita 800. Shingo ikiinama kando kwa nyuzi 1 tu, chini gurudumu litakuwa limehama karibu milimita 14. Kosa la kucha juu limekuwa kosa la kidole kizima chini! Kwa jicho huwezi kuona nyuzi 1, bali kwa uzi na timazi utaona.

CHUMA GANI KITUMIKE?

Kuna wanaodhani kuwa nondo ya ujenzi, kwa vile ni nzito na imejaa, ndiyo imara zaidi. Sivyo. Ukiongeza kipenyo cha paipu mara mbili huku unene wa ukuta wake ukibaki ule ule, uzito huongezeka mara mbili, lakini ugumu wake wa kupinda huongezeka karibu mara 8. Kwa hivyo paipu pana iliyo wazi ndani hushinda nondo ya uzito ule ule. Kwa injini ndogo kama yetu, paipu ya chuma laini yenye kipenyo cha milimita 25 hadi 32 na ukuta wa milimita 2 hadi 2.5 inafaa.

Iepuke paipu ya maji iliyopakwa zinki. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta hushikwa na homa na kutetemeka saa chache baadaye. Paipu nyembamba za kupitishia nyaya za umeme nazo si za kubeba roho ya mtu.

HATUA ZA KAZI

1. Chora sakafuni. Fagia sakafu ya saruji, chukua chaki, uichore pikipiki nzima kwa ukubwa wake halisi. Pima umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Katika pikipiki nyingi za cc 125 hadi 150 umbali huo ni milimita 1,250 hadi 1,350. Weka injini juu ya mchoro na uitafutie mahali pake kwa kufuata mstari wa cheni. Kumbuka kuacha nafasi ya tairi la nyuma kupanda shokomzoba zikibonyea. Chaki hufutika, lakini chuma kilichokatwa hakirudi.

2. Tengeneza kipandio. Fundi hajengi fremu hewani. Tafuta boriti ya chuma iliyonyooka, uilaze sawasawa, na katikati yake upige mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Juu ya boriti hiyo simamisha vishikizo viwili: kimoja kishike shingo kwa pembe uliyoichagua, kingine kishike ekseli ya nyuma. Vyote viwe juu ya mstari ule. Nusu ya kazi imekwisha hapa, ingawa hakuna cheche hata moja iliyoruka.

3. Kata paipu. Mwisho wa paipu inayokutana na nyingine ukatwe kama mdomo wa samaki ili ukumbatie mwenzake. Msumeno wa chuma na tupa ya nusu duara vyatosha. Ukiona mwanga ukipita kwenye maungo, endelea kupiga tupa. Ufa mkubwa ukijazwa kwa chuma kilichoyeyushwa utapendeza macho, lakini utakuwa dhaifu.

4. Shikiza. Kama fundi cherehani anavyoshikiza nguo kabla ya kuishona, nawe tia vidonge vidogo vya kuchomelea, vitatu au vinne kwa kila ungo. Kisha vaa magurudumu, weka injini, na unyooshe uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, kulia na kushoto. Pima kutoka shingoni hadi kila ncha ya ekseli ya nyuma, na vipimo viwili vilingane. Kama havilingani, kata kidonge urekebishe. Samaki mkunje angali mbichi.

5. Chomelea. Chuma kikipata joto hutanuka, kikipoa husinyaa. Paipu ya mita 1 ikiongezewa joto la nyuzi 100 za Selsiasi hurefuka kama milimita 1.2. Ukichomelea upande mmoja wote kwa mkupuo, fremu itavutwa upande huo. Basi chomelea kidogo kulia, kidogo kushoto, mbele kidogo, nyuma kidogo, huku fremu ikiwa bado imefungwa kwenye kipandio. Kwa paipu hizi, kijiti cha kuchomelea cha milimita 2.5 na umeme wa ampea 60 hadi 90 hutumika sana. Beringi za shingo ziwe zimetolewa mapema. Kisha iache fremu ipoe yenyewe, usiimwagie maji. Haraka haraka haina baraka.

6. Imarisha shingo. Hapo ndipo breki na mashimo hupigania. Weka vibao vya pembetatu kati ya shingo na paipu kuu, na usitoboe mashimo ovyo kwenye paipu zinazobeba uzito. Nyufa nyingi huanzia kwenye tundu au kwenye kona kali.

7. Kagua. Njia rahisi ya kutafuta nyufa ni hii: pangusa maungo yawe safi, paka mafuta taa, ngoja kidogo, yafute yakauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Palipo na ufa, mafuta yatatoka na kuchora mstari mweusi kwenye unga mweupe. Mafundi wa reli walizikagua ekseli za magari ya moshi kwa njia ya namna hii. Ukiona mstari, usipake rangi juu yake ukajidanganya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa fremu hauzibwi kwa rangi.

8. Jaribu taratibu. Anza kwa kuisukuma, kisha endesha polepole uwanjani bila mzigo, kisha na mzigo mdogo. Kila mara rudi na uzi wako, pima tena, kagua tena.

TAHADHARI

Mwanga wa kuchomelea huunguza macho. Mtu huhisi usiku kana kwamba ametiwa mchanga machoni. Vaa ngao ya uso yenye kioo cheusi, glavu na viatu vya kufunika mguu. Wale wenzetu wanaosimama kando kuangalia bila kinga nao wataumia. Kamwe usichomelee tangi la petroli, hata likiwa tupu. Mvuke uliobaki ndani hulipuka kama bomu.

Tena, anayejifunza asianzie kwenye shingo. Aunganishe kwanza vipande vya taka, avibane kwenye jiriwa, avipige nyundo mpaka vivunjike. Ungo ukibanduka, hajafika. Paipu ikipinda au kuchanika na ungo ukabaki mzima, hapo ameanza kuelewa. Shingo yenyewe aachiwe fundi mzoefu, yeye asimame kando amevaa ngao, ajifunze.

Vilevile kuna sheria. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka chombo cha motokaa kisajiliwe kabla ya kutumiwa barabarani. Pikipiki ya fremu ya nyumbani isiyosajiliwa na kukaguliwa ibaki shambani kwa mitungi yake ya maziwa. Isipakie abiria hata kwa urafiki.

TAMATI

Wanafunzi wenzangu, wako wanaodharau kazi ya jua kali wakisema ni ya walioanguka mtihani. Lakini katika fremu hii moja tumekutana na pembetatu, nyuzi, kutanuka kwa chuma na hesabu ya paipu. Fundi wa Gikomba au Kamukunji asiyeyajua mambo haya kwa majina ya vitabuni huyajua kwa mikono, na sisi tunaoyajua kwa majina hatujayagusa. Ingefaa tukutane katikati, wavulana kwa wasichana.

Siku nyingine pikipiki ikipita langoni, usitazame rangi peke yake. Tazama shingo. Tazama kama gurudumu la nyuma linafuata la mbele. Ukiona linakwenda upande kama kaa wa pwani, mwambie mwenye pikipiki kwa heshima, na wewe usipande. Mtu hafi kwa kungoja pikipiki ya pili.