Ng'ombe, Wakili na Peni Themanini

Upo mchoro mmoja wa dhihaka uliorudiwa mara nyingi Uingereza katika karne ya 18 na ya 19, kila mchoraji akiutia mkono wake. Katikati kasimama ng'ombe. Mdai kamshika pembe, anavuta. Mdaiwa kang'ang'ania mkia, naye anavuta. Chini, kwenye kigoda, kaketi wakili na ndoo yake, anakamua bila haraka. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Michoro ya aina hii ilichongwa kwenye bamba la shaba, ikapigwa chapa, na mara nyingi ikatiwa rangi kwa mkono. Maskini hakuimudu bei yake, lakini wauzaji wa London waliipanga kwenye madirisha ya maduka, na mpita njia asiye na kitu akasimama kucheka bure.

Kilichochekwa hasa ni ada. Wakili aliyeandaa kesi alizoeleka kutoza shilingi 6 na peni 8, yaani peni 80, theluthi ya paundi, kwa kuonana na mteja au kuhudhuria jambo lake. Ada hiyo ilijulikana hadi ikawa jina la utani la mawakili wenyewe.

Hata hivyo, naona wachoraji walimwonea wakili. Ugonjwa ulikuwa ndani ya mahakama, hasa ile ya Chancery, iliyosikiliza mashauri ya mirathi na amana. Makarani wengi hapo waliishi kwa ada badala ya mshahara. Hati zilinakiliwa kwa malipo yaliyohesabiwa kwa wingi wa maneno, na wenye kesi walilazimika kuzinunua nakala hizo, wapende wasipende. Nani alipwe kwa neno kisha aandike kwa ufupi? Juu yao alikaa Lord Eldon, Lord Chancellor kwa karibu miaka 25 hadi 1827, jaji msomi aliyeogopa kukosea hata akawa anaahirisha hukumu kila mara. Lakini tumbo la wakili huchoreka kwa urahisi. Mfumo wa malipo hauna sura.

Aliyelenga penyewe ni Charles Dickens, ambaye ujanani aliwahi kuwa karani katika ofisi ya mawakili. Riwaya yake Bleak House (1852–1853), yenye michoro ya Hablot Browne, inahusu shauri la mirathi linaloteketeza mali inayogombewa.

Wapo waliosema ametia chumvi. Mwaka 1875 Chancery iliunganishwa na mahakama nyingine kuwa Mahakama Kuu moja. Lakini kesi moja ya kweli ilidumu kuliko hata mahakama hiyo: tajiri William Jennens alikuwa amefariki mwaka 1798, akaacha wosia usiotiwa saini. Mashauri ya mirathi yake yaliendelea hadi 1915, yakakoma kwa sababu gharama zilikuwa zimemaliza fedha zote.