Kompyuta tatu, bei tatu? Zipange hivi

Hapa kwetu oda za korosho zinashikwa na watu watatu: mimi niko Kilwa Masoko, mwenzangu Kivinje, mwingine Lindi mjini. Kila mtu na kompyuta yake: Windows 7, Windows 10 na Windows 11. Kununua mpya zote hatuwezi, ila mteja akitajiwa bei mbili kwa siku moja, anahamia kwa mwingine. Sisi tunafanya hivi:

1. Daftari la mashine. Kila kompyuta ina ukurasa wake: Windows gani, Excel ya mwaka gani, Chrome toleo la ngapi. Kwenye Windows 7, Chrome imeishia toleo la 109. Windows 10 nayo, Microsoft walisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine kongwe iachie kuchapa lebo na risiti. Usiifungulie mambo ya benki.

2. Tarehe zifanane. Ukiandika 3/4, kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani inaelewa 4 Machi, ya Kiingereza inaelewa 3 Aprili. Hapo mzigo unakosa basi hivi hivi! Ingia Control Panel, kisha Region, uweke siku itangulie mwezi kwenye mashine zote.

3. Faili la bei liwe moja, na mwenye ruhusa ya kubadilisha awe mmoja. Achana na majina kama "bei mpya" na "bei mpya kabisa". Andika BEI-2026-01-12, mafaili yatajipanga yenyewe. Fomula tumia zinazokubali kote: XLOOKUP inagoma kwenye Excel 2016, VLOOKUP haina shida.

4. Nakala kwenye flashi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikasumbua nchi nzima. Siku kama hiyo, bei zilizo mtandaoni tu utazipataje? Sisi kila jioni tunanakili.

5. Apdeti mashine moja kwanza. Ifanyie kazi siku mbili tatu, uone kama printa na Excel ziko sawa, ndipo uende kwenye nyingine. Na usiapdeti siku ya kufunga mzigo.

Kama muda ni mdogo, leo anza na namba 2. Ni dakika tano tu kwa kila mashine.

Wewe una mashine ngapi, na nani anashika faili la bei? Tuambie hapo chini.