Mfundishe Mtoto Wako Kujitegemea

Wazazi wengi wenye mtoto kipofu, kiziwi au mwenye ulemavu wa akili wanampenda sana mtoto huyo. Kwa sababu ya upendo wanamfanyia kila kitu. Mama anamwogesha, dada anamvika nguo, kaka anamletea chakula. Miaka inapita, mtoto anakuwa mtu mzima, lakini hajui hata kujichotea maji ya kunywa. Basi wazazi wakifa, nani atamtunza?

Kusoma na kuhesabu ni mambo mazuri, lakini hayatoshi. Kwa hiyo shule nyingi za watoto wenye ulemavu hufundisha pia kazi za kila siku: kuoga, kufua, kupika, kununua vitu sokoni na kwenda njiani. Jambo hili si geni. Huko Thika, Kenya, Jeshi la Wokovu lilianza mwaka 1946 kuwafundisha askari waliopofuka vitani. Baadaye pakawa shule ya watoto.

Tena ni haki. Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006, ambayo Kongo iliyakubali mwaka 2015, yanasema kwamba mwenye ulemavu ana haki ya kukaa kati ya watu wengine, na kufundishwa mambo ya maisha. Nchi yetu ilitoa sheria yake ya kuwalinda watu hao Mei 2022.

Lakini darasa la kwanza ni nyumbani. Hapa Kalemie watu wengi huchota maji ziwani au katika mto Lukuga, na kipindupindu hurudi mara kwa mara. Mtu asiyejua kusafisha maji yake yumo hatarini. Basi anza na somo la maji.

Gawanya kazi katika sehemu ndogo: kuchota, kuchemsha mpaka yatokote, kuacha yapoe katika chombo chenye kifuniko, kisha kuteka kwa kikombe chenye mkono, bila kutia vidole majini. Kwanza fanya kazi yote pamoja naye, ukimwachia sehemu ya mwisho tu: ateke mwenyewe. Akiijua, mwachie sehemu mbili za mwisho. Endelea hivyo, ukirudi nyuma pole pole. Kila siku yeye ndiye anayemaliza kazi, naye atafurahi. Kwa njia hiyo hiyo atajifunza kunawa mikono kwa sabuni, kufua, na hata kusonga bukari.

Kila mtoto ana njia yake. Kipofu husikia maji yanapotokota. Mfundishe kukunja kila namna ya noti kwa mkunjo wake, asidanganywe sokoni, na kutumia fimbo njiani. Kwa kiziwi, jamaa wote wajifunze ishara, wasimwachie mama peke yake. Kwa mwenye ulemavu wa akili, chora picha za kazi, uzibandike ukutani kwa utaratibu wake. Afanye ya kwanza, kisha ya pili.

Somo moja husahauliwa mara nyingi. Mtoto aliyezoea kuvuliwa nguo na kila mtu hajui kukataa mtu mbaya. Mfundishe kuoga mwenyewe na kufunga mlango. Mwambie kwamba mwili ni wake, kwamba anaweza kukataa hata mtu mzima, na kwamba akiguswa vibaya akuambie mara moja.

Wazazi, usiwe na haraka. Kazi ambayo mtoto mwingine huijua kwa juma moja, huyu atahitaji labda miezi mingi. Akimwaga maji, usimcheke wala usimnyang'anye kikombe. Mpe kitambaa apanguse, halafu ajaribu tena.