Kulanti Si ya Nchi za Baridi Tu

Madereva wengi wa kaskazini mashariki mwa Kenya huamini kwamba kulanti ni dawa ya barafu, kwa hivyo gari la Lafey halina haja nayo. Husema maji ya kisima yanatosha. Ni kweli Lafey maji hayagandi. Lakini kuzuia barafu ni kazi moja tu ya kulanti, na kwetu ndiyo ndogo zaidi.

Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 za selsiasi. Yakichanganywa nusu kwa nusu na kulanti, huchemka karibu nyuzi 107, na shinikizo la kifuniko cha rejeta hupandisha kiwango hicho hata kupita 120. Kwa Land Cruiser iliyosheheni mizigo na kupanda mchanga kwa gia ndogo saa saba mchana, tofauti hiyo ndiyo inayookoa gasketi ya silinda hedi.

Kazi nyingine ni kuzuia kutu. Visima vingi vya ukanda huu vina maji ya chumvi na madini. Yakipata moto ndani ya injini, huacha magamba kama yale ya ndani ya birika la chai. Magamba huziba mirija ya rejeta, na chumvi hula alumini na pampu ya maji.

Dawa za kuzuia kutu huisha nguvu hata kama rangi ya kulanti bado inang'aa. Kulanti ya kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi. Ya maisha marefu huenda miaka 5 au zaidi. Fuata kitabu cha gari. Ikiwa na rangi ya kutu au matope, usingoje.

Kazi yenyewe ya kuibadilisha haihitaji haraka. Injini ipoe kabisa. Kifuniko kikifunguliwa kikiwa cha moto hurusha mvuke unaochoma uso. Weka karai chini, fungua koki ya chini ya rejeta, na plagi ya bloku ikiwapo. Funga, jaza maji safi, washa hita iwe kwenye moto wote, endesha injini hadi thamostati ifunguke, zima, iache ipoe, kisha mwaga. Rudia hadi maji yatoke meupe. Mwisho jaza polepole kulanti iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa. Yakikosekana, maji safi ya mvua ni afadhali kuliko ya kisima. Usichanganye aina mbili kwa kutazama rangi tu, kwani nyingine zikikutana huganda kama uji. Washa injini kifuniko kikiwa wazi hadi mapovu yaishe, ongeza, funga, na ukague tena kesho yake injini ikiwa baridi.

Limebaki la karai. Kulanti nyingi hutengenezwa kwa ethilini glikoli, sumu yenye ladha tamu. Mwilini hugeuka asidi inayoharibu figo, na mnyama mwenye kiu hawezi kuitofautisha na maji. Usiimwage chini, wala karibu na silanga au kisima. Itie kwenye mtungi wenye kifuniko, uandike SUMU, uweke mbali na watoto, na uupeleke kwenye gereji ya mjini inayokusanya taka za magari. Katika nchi ya wafugaji, fundi asiyechunga karai lake anaweza kuponya gari la mtu na kuua mbuzi wa jirani.