Akianguka Bila Kuguswa, Usisubiri

Jioni ya tarehe 12 Juni 2021 nilikuwa kibandaumiza, jirani kabisa na hosteli. Mechi ilikuwa Denmark na Finland, mashindano ya Euro, uwanja wa Parken jijini Copenhagen. Muda mfupi kabla ya mapumziko, Christian Eriksen akaufuata mpira wa kurusha, akayumba, akadondoka. Hakuna aliyemgusa. Mshkaji mmoja nyuma yangu akapiga kelele, "Anajirusha huyo!" Tukacheka. Sekunde chache baadaye kibanda kizima kilikuwa kimya.

Mwamuzi Anthony Taylor hakucheka. Alisimamisha mchezo papo hapo na kuwaita madaktari. Nahodha Simon Kjær alikimbia kumsaidia mwenzake, kisha wachezaji wakamzunguka ili kamera zisimdhalilishe. Madaktari wakamkandamiza kifua, wakaushtua moyo kwa mashine ya umeme, naye akazinduka palepale uwanjani. Mwaka uliofuata alirudi kucheza, safari hii akiwa na kifaa cha kulinda mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani.

Wengi tulisema ni muujiza. Ukweli ni kwamba waliokuwepo walijua la kufanya, na vifaa vilikuwa karibu.

Tuelewane kwanza kuhusu jina la tatizo. Shambulio la moyo hutokea mshipa unaolisha moyo unapoziba. Mgonjwa anaweza kulalamika kifua kinauma huku bado anaongea na wewe. Moyo kusimama ghafla ni jambo jingine. Umeme unaoongoza mapigo unavurugika, moyo unatetemeka tu bila kusukuma damu, na mtu anapoteza fahamu ndani ya sekunde. Vijana wenye afya ya kuonekana hawajasalimika. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alikuwa na miaka 28 alipoanguka Lyon mwaka 2003 na kufariki. Uchunguzi ulionyesha alikuwa na tatizo la misuli ya moyo kuwa minene, ambalo mtu anaweza kuishi nalo bila kujua.

Sasa hamishia picha hiyo kwenye uwanja wetu, mechi ya vitivo, wewe umekaa kwenye nyasi na karanga zako. Beki anaanguka peke yake. Unafanyaje?

Mtikise mabega, mwite kwa sauti. Haitikii? Tazama kifua. Kama hapumui, au anatweta mara moja moja kama samaki aliyetolewa majini, hesabu kwamba moyo umesimama. Hapa ndipo wengi tunapokosea: tunaona anatweta au mwili unarusharusha kidogo, tunasema "kifafa hicho" au "yuko hai, mwacheni apumzike."

Mteue mtu mmoja kwa kumnyooshea kidole: "Wewe mwenye jezi nyekundu, pigia zahanati!" Ukisema tu "jamani mtu apige simu," kila mmoja atamtegemea mwenzake. Mwingine akimbilie mashine ya kushtua moyo kama ipo. Mashine za kisasa hutoa maelekezo kwa sauti, na hazishtui moyo usiohitaji.

Wewe piga magoti. Weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, nyoosha mikono, kandamiza kwa nguvu. Kifua kizame sentimita 5 hadi 6, kisha kiache kirudi. Fanya hivyo mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukichoka, mwenzako apokee bila kupoteza muda. Kama hukufundishwa kumpulizia pumzi, kandamiza tu. Kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10.

Maji usoni hayasaidii. Kijiko mdomoni ni hatari. Na kumbeba mzobemzobe hadi kwenye bajaji huku hakuna anayemkandamiza kifua ni kuzitupa dakika zile ambazo bado zingeweza kumwokoa.

Mwaka 2012 Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham jijini London. Jukwaani alikuwepo daktari wa moyo, Andrew Deaner, amekuja kama shabiki tu. Aliacha kiti chake, akashuka uwanjani kusaidia. Moyo wa Muamba ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, na bado akapona.

Sisi wengi si madaktari, lakini kukandamiza kifua kunafundishika kwa mchana mmoja. Kwa hiyo, kabla ya filimbi ya bonanza lijalo, tumuulize waziri wetu wa michezo maswali matatu. Nani uwanjani amefundishwa? Mashine ya kushtua moyo ipo, na kama imefungiwa ofisini, ufunguo anao nani siku ya Jumamosi? Gari la wagonjwa litapita geti gani, na nani atahakikisha halijazibwa na magari ya mashabiki?

Siku ikitokea, simu zitatoka mifukoni, tunajijua. Angalau moja iwe inapiga zahanati.