Mafari ya kushoto ku barabara ya kuume

Mutu wa Bukavu akitaka kununua gari, anauliza mambo matatu: motere iko namna gani, makaratasi iko sawa, na bei ni ngapi. Taa za mbele, zile sote tunaita mafari, anaziangalia mchana. Kama kioo hakikupasuka, basi, imekwisha. Usiku njo anaanza kushangaa.

Sisi wa sendika ya wachimbaji tumeona inafaa kuandika juu ya mafari, kwa sababu watu wetu wanasafiri usiku. Wanapita Burhale na Mwenga wakienda Kamituga. Wanapanda Kalehe na Nyabibwe kufuata kasiterite. Wanateremka Ngomo kwenda Kamanyola na Uvira. Wanakaa juu ya magunia nyuma ya kamyo, ao wanabanana mu minibasi. Na familia zao zinatembea kando ya barabara zile zile, mama na kitunga ku mgongo, watoto na bido za maji, wakati delestage imekwisha kuzima mtaa wote. Mwanga wa gari njo mwanga pekee unaokuwa hapo. Kama ule mwanga unaenda pahali pabaya, kuko mutu atakufa.

Kode inapanda upande mumoja

Kila gari iko na mwanga wa namna mbili. Wa kwanza ni pleni fari, wenye kwenda mbali na juu. Wa pili ni kode, wenye kushushwa kusudi yule anayekuja mbele yako asipofuke. Mu mwaka 1957, Ulaya ilianza kutumia kode yenye pande mbili zisizolingana. Upande wa yule anayekuja, mwanga unakatwa sawasawa, chini ya macho yake. Upande wa ukingo wa barabara, mwanga unapanda kidogo, kusudi shofere aone mwenye kutembea kwa miguu, mwenye baiskeli, na shimo.

Sasa, sisi mu Kongo tunapita kuume. Wabeleji njo walituachia hii desturi, na Rwanda na Burundi ni vile vile. Uganda, Kenya, Tanzania na Zambia wanapita kushoto, sawa vile Waingereza walivyowaachia. Japani pia wanapita kushoto. Na gari nyingi za okazyo tunazonunua zinatoka Japani, zinapita bandari ya Dar es Salaam ao ya Mombasa, zinafika hapa na volan ku kuume.

Watu wanasema: volan tutazoea. Ni kweli, mashofere wetu wanazoea. Lakini fari haizoei. Fari iliyotengenezwa kwa barabara za Japani inapandisha mwanga kushoto, kwa sababu kule ukingo wa barabara uko kushoto. Kwetu, kushoto njo kuko yule anayekuja. Mwanga unamupiga mu macho. Na kuume, pale mama anatembea na kitunga chake, mwanga unakatwa chini na mama anabaki mu giza. Fari moja inaleta hasara mbili: inapofusha mwenye kuja, na inaficha mwenye kutembea.

Tufanye hesabu kidogo. Gari ikitembea kilometre 60 kwa saa, inakula karibu metre 17 kila sekonde. Shofere akipofushwa sekonde mbili tu, amekwisha kutembea metre zaidi ya 30 bila kuona kitu. Ku mizunguko ya Ngomo, metre 30 inaweza kukutoa ku barabara mpaka mu bonde.

Jaribio la ukuta

Kupima fari hakuhitaji mashine ya bei. Kunahitaji ukuta, pahali pa sawasawa, chaki na metre ya kupimia. Jioni moja tulikusanyika mu parseli ya garaji moja hapa mujini pamoja na mashofere wanaobeba watu wetu. Hivi njo tulifanya, na kila comité inaweza kufanya vile.

Kwanza, piga pumzi mu magurudumu yote inavyotakiwa. Sogeza gari karibu kabisa na ukuta, halafu kwa chaki weka alama ku ukuta mbele ya katikati ya kila fari. Kisha rudisha gari nyuma metre 10. Washa kode. Ku ukuta utaona mpaka kati ya mwanga na giza. Ule mpaka unapaswa kuwa chini ya alama zako kwa santimetre 10 mpaka 13 hivi. Kwa gari nyingi zenye kufuata kanuni za Ulaya, hesabu hii iko imeandikwa karibu na fari: 1% ao 1,3%. Maana yake, mwanga unashuka santimetre moja ao zaidi kidogo kila metre moja.

Baadaye angalia upande gani mwanga unapanda. Ukipanda kuume, fari ni ya barabara yetu. Ukipanda kushoto, fari ni ya Japani ao ya Uingereza. Ku kioo cha fari nyingi kuko pia alama: ukisimama mbele ya gari na kuona mshale mumoja unaoelekea kuume kwako, ile fari ni ya wanaopita kushoto. Mshale wenye vichwa viwili unaonyesha fari inayoweza kugeuzwa kwa pande zote mbili. Lakini ukuta njo unasema ukweli, juu alama inaweza kufutika.

Gari ya kwanza ilikuwa minibasi. Mwanga ulipanda kushoto, wazi kabisa.

Ya pili ilikuwa kamyo. Mafari yake yalikuwa ya kuume, na ikiwa tupu mpaka wa mwanga ulikaa pahali pake. Tukaomba vijana wapande nyuma na magunia yapakizwe, sawa vile inasafiri. Nyuma ikashuka, pua ikapanda, na mwanga ukapita juu ya alama zetu. Njo maana gari nyingi ziko na kidude kidogo cha kuzungusha karibu na volan, chenye namba kutoka 0 mpaka 3. Kazi yake ni kushusha mwanga wakati mzigo ni mwingi. Shofere alikuwa anakiona kila siku, hakuna aliyemwambia kazi yake.

Ya tatu ilikuwa jeep yenye ampule za LED nyeupe, zile wanauzisha ku soko, zilizowekwa mu fari ya zamani. Ku ukuta hapakuwa mpaka wowote. Mwanga ulitapanyika juu, chini, pembeni. Fari ya zamani ilitengenezwa kwa ampule yenye uzi mudogo unaokaa pahali pamoja kabisa, na kioo kinahesabu kutoka pale. Ukiweka LED isiyokaa pahali pale, kioo hakijui tena kupeleka mwanga wapi.

Mwenye jeep alijivuna: “Angalieni, Papa, hii njo inawaka ya kweli!” Tulimuomba asimame mbele ya gari yake, metre 20 hivi, aangalie. Akaweka mukono ku macho. Akarudi pole pole, akauliza wapi atapata ampule za zamani.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: fari haipimwi ukikaa ku volan. Inapimwa ukisimama mbele yake.

Kule ngambo wanapima namna gani

Mu Marekani kuko taasisi inayolipiwa na makampuni ya bima, inaitwa IIHS. Tangu mwaka 2016 inapima mafari ya gari mpya usiku, ku barabara yake ya majaribio mu jimbo la Virginia. Gari inatembea ku sehemu iliyonyooka na ku mizunguko. Mashine za kupima mwanga zinahesabu mambo mawili: mwanga unafika mbali gani, na unapofusha kiasi gani yule anayekuja. Fari inayoona mbali lakini inapofusha, inapunguziwa alama. Mara ya kwanza walipima gari 31 za ukubwa wa kati. Moja tu, Toyota Prius v, ilipata alama ya juu. Kati ya zenye alama mbaya kulikuwa gari za bei kubwa. Bei ya gari haisemi kitu juu ya fari yake.

Ni ile mizani yetu ya ukuta, ila wao wako na mashine.

Mafundi wa kule walitafuta namna ya kuacha pleni fari ikiwaka wakati wote bila kupofusha mutu. Mu mwaka 2013, Audi A8 ilitoka na fari yenye LED 25 za pleni fari kila upande, na kila moja inaweza kuzimwa peke yake. Kamera nyuma ya parabrizi inaona taa za gari inayokuja. Ordinatere mudogo unazima zile LED tu zinazoelekea pale, na zingine zinabaki zikiwaka. Yule anayekuja anapita mu kivuli kinachomufuata, na kando zote barabara iko inaonekana.

Baadaye namba zilipanda. Tangu 2018 Mercedes iko na fari yenye vioo vidogo zaidi ya milioni moja kila upande, na kila kioo kinageuka peke yake. Volkswagen Touareg ya 2023 iko na LED ndogo zaidi ya 19 000 mu kila fari. Sheria ya Marekani iliruhusu fari za namna hii mu Februari 2022 tu, wakati Ulaya ilikuwa imekwisha kuzitumia miaka mingi.

Zikifika Bukavu, zitatusaidia?

Siku moja zitafika, zikiwa okazyo kama zingine. Tuzipime kwa mizani ile ile.

Uzuri wake tunauona. Ku barabara ya Kamituga, penye hakuna hata poto moja ya taa, shofere angeona mwenye kutembea akiwa bado mbali, na angemuacha mwenzake apite na macho mazima.

Lakini ile kamera inahitaji parabrizi safi, na matope ya Mwenga tunayajua. Inatafuta taa za wengine: kamyo inayokuja na taa imekufa inaweza kukosa kile kivuli, na shofere wake atapigwa na mwanga wote. Fari moja ya namna hii ikipasuka, bei yake inaweza kupita dolare 1000, na baada ya kuifunga inataka kompyuta ya kuipanga upya. Tena ikitoka Japani, itakuja imepangwa kwa kushoto. Kwa baadhi ya gari mutu anaweza kubadilisha upande mu programu yake. Muuliza muuzaji akuonyeshe, usiku, mbele ya ukuta, kabla hujatoa makuta.

Kuko neno lingine, na hili linatugusa sisi wenyewe. Vipande vya umeme vya zile fari vinashikwa ku platini kwa etain, na etain inatoka mu kasiterite. Coltan inatoa tantale ya kutengeneza vipande vidogo vya kuchunga umeme. Ule uzi wa ampule ya zamani ni tungstene, inayotoka mu wolframite na haiyeyuki mpaka joto lipite digri 3400. Kasiterite, coltan, wolframite: mikono yetu inayajua haya mawe. Dunia inachukua mawe ya Kivu kwa kutengeneza mwanga usiopofusha mutu. Sisi tunaoyachimba tunarudi nyumbani mbele ya mafari yanayotupofusha. Hatuombi zawadi. Tunaomba kamyo inayobeba mchimbaji iwe na kode ya kuume.

Na ile adabu tunaijua tayari. Mu shimo, ukikutana na mwenzako anayepanda, unainamisha kichwa ao unafunika torshi kwa mukono kusudi asipofuke na kuanguka. Hakuna kamera iliyotufundisha. Asiyefanya vile, wakubwa wa shimo wanamukaripia siku ile ile.

Tunaomba nini

Kwa makoperative na ma-PDG wanaokodi gari: kabla ya kutia saini na mwenye gari, pimeni mafari ku ukuta, gari ikiwa na mzigo wake. Kama ni ya kushoto, badilisheni fari zote mbili kwa zile za kuume. Wakati makuta bado haijapatikana, fanyeni sawa vile wanafanya watu wa Ufaransa wakivuka kwenda Uingereza: wanafunika kwa karatasi ya kubandika kile kipande cha kioo kinachopandisha mwanga. Kushusha fari peke yake kunapunguza ubaya, lakini na shofere anaona karibu zaidi, kwa hiyo apunguze mwendo.

Kwa mashofere na mamotari: panguseni kioo cha fari kila mara mnapotia mafuta. Kioo kilichogeuka manjano kinaweza kusuguliwa na fundi. Ampule za LED za soko, musiziweke mu fari isiyo yake. Na mwenye kulipa shofere kwa safari ajue kwamba anamulipa kukimbia usiku. Hilo tutalizungumuza ku mkutano na waajiri, halitamalizika mu garaji.

Kwa familia zetu: usiku tembeeni upande wa kushoto, mukiangalia gari inayokuja. Vaeni kitu cheupe, hata kitambaa kilichofungwa ku kitunga. Mama watwangaji wanaorudi jioni watembee kwa mustari mumoja, na wa mbele ashike torshi.

Koperative yoyote inayotaka tuje na chaki na metre, ituite siku mbili mbele. Gari moja inachukua kama nusu saa. Tunaanza giza likiingia, na tunaomba magunia yawe tayari, kusudi tupime kamyo vile inasafiri.